Programu Yangu Ilimfuta Doto

Nina miaka ishirini na minne, ninaishi Nyahanga, Kahama. Sikusomea kompyuta chuoni. PHP, lugha ya kuandikia programu, nilijifunza mwenyewe, nikiandika, nikikosea, nikifuta... Nikiona kosa dogo tu kwenye kazi yangu, hata chakula hakipiti.

Doto alikuwa mchumba wangu. Ng'ombe wa mahari walishafika kwetu. Yeye na pacha wake, Kulwa, walichimba dhahabu kwenye machimbo madogo huko Geita, na Doto ndiye aliyeniombea kazi pale. Kila zamu, karani alituma faili la XML lenye majina ya wanaoshuka duarani, yaani shimoni. Programu yangu ililikagua: alama isiyofungwa, simu iliyopungua tarakimu, mtu aliyeandikwa mara mbili. Kisha orodha safi ilikwenda kwa msimamizi.

Kwetu mtu mmoja ana jina la nyumbani, la ubatizo na la utani, na karani aliyachanganya. Basi nikaweka sharti: jina la baba, tarehe ya kuzaliwa na simu vikifanana, huyo ni mtu mmoja, jina la pili liondolewe. Mwanzoni programu ilitoa onyo kwanza. Karani akalalamika kwamba maonyo yanamchosha. Nami, mpenda faili lisilo na doa, nikaliondoa onyo.

Mimi, Msukuma, mchumba wa pacha, sikuwafikiria mapacha!

Walitumia simu moja, lakini zamu zao zilikuwa tofauti, kwa hiyo kosa langu lilijificha. Mpaka siku Doto aliposhika zamu ya mwenzake aliyeugua, akashuka pamoja na Kulwa... na duara likatitia.

Nilipopata habari nilifungua orodha. Kulwa alikuwemo. Doto hakuwemo. Nikapiga magoti nikamshukuru Mungu. Mnaamini? Nilishukuru!

Waokoaji waliwatoa watu, wakalinganisha na orodha, ikatimia. Wakaacha kuchimba. Walionusurika walikimbizwa hospitali hawajitambui, Kulwa akiwa mmoja wao. Alipozinduka aliuliza, "Doto mmemlaza wapi?"

Wakarudi mbio. Walimkuta ameketi, ameegemea ukuta, hana jeraha hata moja. Hewa ndiyo iliyomwishia... akisubiri.

Msibani nilimwendea mama yao, nikamweleza yote nikilia. Mama Kulwa alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, si ungeniuliza tu? Ningekwambia ninao wawili."

Hakunifukuza. Heri angenifukuza!

Ndugu zangu mnaojifunza kazi hii kama mimi, nawaomba: msimfute mtu kwa sababu tu hakai vizuri kwenye faili lenu. Acheni onyo. Nendeni mkaulize, hata kama karani atanuna.

Orodha ya siku ile ninayo bado. Kila nikiipitisha kwenye programu, jibu ni lilelile: hakuna kosa.