Duara Kwenye Pua ya Misti

Asubuhi, jikoni kwa Bibi Saturnina huwa kelele tupu. Simbilisi hukimbizana kando ya moto. Ni wanyama wadogo wanene, hawana mkia, nao hupiga miluzi wakidai majani. Wote ni wa kuliwa sikukuu, isipokuwa mmoja. Misti, mweusi mwenye paji jeupe, ni rafiki wa Nelida, mjukuu wa Bibi.

Siku moja manyoya ya Misti yalinyonyoka puani. Pakabaki duara lenye magamba. Kisha duara jekundu likatokea mkononi mwa Nelida, likamwasha sana.

"Mlete Misti," Bibi alisema. "Nitakusugua naye. Simbilisi huvuta ugonjwa wa mtu."

Akamsugua mkononi, mgongoni na shingoni. Siku chache baadaye, duara jingine likatokea shingoni.

Edelmira, mama yake Nelida, alishika kiuno. "Basi! Kesho namchinja huyu, namzika."

"Mama, usimuue!" Nelida alilia, akamkumbatia Misti.

"Na bado unamkumbatia! We mtoto, una masikio kweli?"

Jirani yao Dionisia, mhudumu wa afya ya mifugo, alisikia kilio akaingia. Alimtazama Misti kwenye mwanga wa mlangoni. Akatazama na shingo ya mtoto.

"Huu ni ugonjwa wa choa," alisema. "Ni fangasi wa ngozi. Huambukiza kwa kugusana."

"Si ndiyo maana nikamsugua, ili mnyama auvute?" Bibi aliuliza.

"Bibi yangu, mnyama ndiye aliyeanza kuugua. Mtoto ameupata kwake."

Bibi akacheka mpaka shali ikamwanguka. "Kumbe nilikuwa nampaka mjukuu wangu ugonjwa wenyewe!"

"Hukujua, Bibi. Wengine huwapaka simbilisi wao oili chafu ya gari. Huwaunguza, na wakiilamba huwadhuru."

"Lakini anapona?" Edelmira aliuliza.

"Anapona. Weka chini kisu chako."

Misti akatengwa na wenzake. Walichoma nyasi alizolalia, wakasugua tundu la kulalia simbilisi kwa maji ya moto na sabuni, wakalianika juani. Dionisia alileta dawa ya fangasi inayofaa simbilisi. Edelmira alivaa glovu, akampaka Misti dawa kidogo, akamshika mpaka ikakauka asije akailamba. Nelida naye alipewa krimu yake zahanati.

"Nimguse kwa kidole kimoja tu?" Nelida aliomba.

"Hata ukucha!" Bibi alijibu. "Mwimbie kutoka hapo."

Basi akamwimbia. Manyoya yalipoanza kuota, Edelmira alitaka kuacha dawa.

"Bado," Dionisia alisema. "Fangasi hujificha. Endelea mpaka nimpime tena."

Hatimaye pua ya Misti ikawa nyeusi tii, na shingo ya Nelida ikawa laini. Dionisia akawaruhusu kushikana. Misti alipiga mluzi mmoja mrefu, akajificha ndani ya sweta la Nelida.

Wakati huohuo mwanamke mmoja akabisha hodi. Mwanawe alikuwa na duara shavuni. "Bibi, naomba umsugue na simbilisi."

"Akipatwa na hofu au huzuni, mlete, nitamsugua," Bibi alisema. "Lakini kwa hili, mpeleke zahanati. Na wewe Dionisia, chukua begi lako. Nyumbani kwao kuna simbilisi anayekungoja."