Mgonjwa wa Kutembezwa

Nilichokiona kwanza kwa Apolinari ni kwamba hacheki mpaka ashike mto. Anaukumbatia kifuani, ndipo anacheka.

"Unaficha nini humo?" nilimuuliza, uani kwetu Kiwalani.

"Mshono. Walinipasua moyo huko ng'ambo. Nikicheka au nikikohoa bila mto, naona kama mbavu zinaachana."

Mama yake, jirani yetu Bi Felicitas, alitaka alale tu. Lakini wauguzi walimwagiza atembee kila siku, avute pumzi taratibu, akichoka apumzike.

"Basi Filomena atakutembeza," mama yake akaamua, akininyooshea kidole. "Huyu hana maneno, hatakuchekesha. Ila siku ukirudi hoi, nakupeleka kwetu Bukoba!"

Bukoba! Nisingemwona tena. Nikamtembeza polepole kama nimebeba mayai, kimya, moyo ukinidunda kuliko wake.

Asubuhi moja akaegemea ukuta kupumzika, kakumbatia mto, kafumba macho. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Mwishehe, akatokea.

"Wewe! Wenzako wanajenga taifa, wewe unazurura na mto kabisa?"

"Shikamoo, mzee. Mie naumwa moyo."

"Marahaba. Moyo, na msichana ubavuni! Twende ofisi ya chama, ukapelekwe kijijini ukalime."

Apolinari akacheka hadi machozi, mto kaubana.

"Usinililie hapa!" Balozi akamshika mkono, amvute.

"Mwachie!" Sijui sauti ile niliitoa wapi. "Kifua chake kimeshonwa! Kikifumuka utakishona wewe?"

"Kimeshonwa wapi?"

Apolinari akafungua vifungo vya shati. Mzee akautazama ule mshono kutoka juu mpaka chini. Akazimia, akaenda chini puu!

Tukamlaza kichwa kwenye mto. Apolinari akapiga magoti, akawa anampepea kwa kofia yake.

"Vuta pumzi, mzee. Taratibu. Usinyanyuke upesi."

Bi Felicitas akaja mbio, khanga inaburuta.

"Mwanangu kaanguka!"

"Hapana, mama," nikasema. "Kaanguka Balozi."

Akamtazama mwanawe akimwinua mzee mzima. Akapiga vigelegele.

"Kapona! Filomena, Mungu akubariki, kazi yako imekwisha. Apolinari, kesho twende Bukoba. Nimeshakutafutia mchumba."

Apolinari akanitazama. Balozi akanitazama. Nikatazama vidole vyangu vya miguu, kama kawaida yangu, kisha nikainua uso.

"Mama, usimpeleke. Mie nampenda."