Aliyetoka Ghalani

Nyayo ziliingia ndani, lakini za kutoka hazikuwepo. Yustina alizifuata, nyayo za unga wa manjano, kutoka mlangoni hadi chumbani, zikaishia mbele ya kitanda. Ilikuwa saa saba mchana, jua la Julai limesimama utosini, na mumewe Anold alikuwa mezani akisubiri ugali.

"Umepita na viatu vya ghalani?"

"Leo sijaenda ghalani."

Anold alikuwa mtunza ghala wa chama cha wakulima katika kijiji kimoja nje ya Mtawanya. Walimkabidhi funguo kwa kuwa alikuwa mgeni, mtu wa kanisa, asiye na ndugu wa kumpendelea pale. Lakini salfa ya kupulizia mikorosho ilipofika msimu huu, yeye na mwenyekiti Athumani waliiuza nusu mjini, wakajazia mifuko kwa unga wa muhogo. Bi Mwanaidi, mjane, alipulizia mara tatu, na bado maua yote yakanyauka kwa ubwiri, ule ukungu mweupe wa mikorosho. Alipokwenda kulalamika, Anold alimjibu, "Mama, wewe ulipulizia jua limeshatoka."

Kesho yake nyayo zilirudi, saa ileile. Siku ya tatu nyumba nzima ilinuka kiberiti, hata maji ya mtungini, na Yustina akasikia mtu akikohoa chumbani.

"Baba Witness," alimnong'oneza mumewe, "humu ndani hatuko peke yetu."

Siku ya nne aliingia chumbani kuchukua kanga, mlango ukajifunga nyuma yake, na Anold, aliyeusukuma kwa bega mpaka ukaachia, akamkuta mkewe ameketi sakafuni, uso ukutani, mikono ya manjano hadi viwikoni, akiongea kwa sauti nzito ya mzee, akiongea Kimakonde, yeye mzaliwa wa Njombe asiyejua hata salamu ya lugha hiyo.

Anold alikimbia kumwita Mzee Hashimu, tabibu wa kijiji. Watu wakamfuata hadi uani. Hashimu alifukiza ubani, akamsihi aliyempanda Yustina aseme Kiswahili ili mwenye nyumba asikie.

"Wewe ni nani?"

"Mwenye kiwanja. Mlipojenga ghala mliniomba nafasi. Nikawaambia, wekeni vya watu, ila visiguswe."

"Mtoke mama huyu. Hana kosa."

"Mumewe aseme. Amtaje na mwenzake."

Anold alipiga magoti, akasema yote: mifuko, unga, lori la usiku. Alipofika kwenye jina la pili aliinua macho, yakakutana na ya Athumani, aliyesimama mbele kabisa akipaza sauti kuliko wote, "Mwizi!"

"Nilikuwa peke yangu," Anold alisema.

"Peke yako," sauti ilirudia taratibu. Yustina akaanguka. Alipofumbua macho aliomba maji kwa sauti yake mwenyewe.

"Ametoka," Hashimu alisema.

"Amekwenda wapi?" Bi Mwanaidi aliuliza.

Athumani alikuwa amemkamata Anold ukosi, akiita pikipiki impeleke polisi. Nyumbani kwa Athumani, ng'ambo ya njia, binti yake Shamimu alikuwa akitwanga. Mchi ulinyamaza. Kisha wote uani wakamsikia Shamimu akimwita baba yake kwa jina, bila kusema baba, kwa sauti nzito ya mzee.