Simu ya Kuongea kwa Mikono

Kaka yangu ni kinyozi. Ukitaka kumkasirisha, mwambie apunguze muziki. Kibanda chake kina viti viwili, kioo kirefu na spika ambayo kidogo iupite mlango kwa ukubwa. Akifungua asubuhi, mtaa mzima unajua kwamba amefungua. Mimi ni dada yake. Ninauza vitambaa jirani na hapo, kwa hiyo nalazimika kuzipenda nyimbo zake nitake nisitake.

Kaka na wifi yangu wana binti mmoja. Binti huyu ni kiziwi tangu kuzaliwa. Anaongea kwa mikono, na akianza kuongea, jamani, utachoka wewe kabla yake. Mama yake alijifunza lugha ya alama mtoto akiwa bado mdogo. Mimi najua ya kutosha kugombana naye. Kaka yangu alijua ya kula, ya kulala na ya "njoo hapa". Yakizidi hapo alikuwa anamwita mke wake amtafsirie.

Mwaka huu binti alipata nafasi katika chuo cha ushonaji, mji mwingine. Tulifurahi sana. Lakini wifi yangu alikosa raha. Alikuwa anakunja nguo za mtoto, anazikunjua, anazikunja tena.

"Una nini, wifi?" nilimuuliza.

"Huko aendako hakuna hata mmoja anayejua lugha yake," alisema. "Akipata shida atamwambia nani?"

"Si atakuandikia ujumbe?"

"Humjui? Akiwa na uchungu haandiki. Ataandika 'sawa' tu, basi. Mwanangu mpaka nimwone mikono yake ndipo najua ana nini."

Maneno yale yaliniingia. Tukakubaliana kwamba mtoto asiondoke bila simu ya kupiga video. Akiba yao ilitosha simu moja tu, tena ya bei nafuu. Wakikosea kuchagua, nyingine hakuna.

Siku iliyofuata kaka alirudi kutoka dukani anatabasamu mpaka masikioni.

"Nimeipata!" alisema. "Ziko mbili, bei ni ile ile. Moja nyeusi, nene, imenuna kama ina madeni. Achana nayo. Nyingine ya bluu. Inang'aa hiyo! Ina kamera nne mgongoni. Na sauti yake, dada, we acha tu! Muuzaji alifungulia muziki nikacheza pale pale dukani. Nimemwambia aniwekee."

Nilimtazama. "Kaka, simu ni ya nani?"

"Ya binti."

"Na umeichagua kwa sauti?"

Niliangua kicheko mpaka machozi yakanitoka. Kisha nikauona uso wake, nikanyamaza. Alikuwa amekaa chini, amejishika kichwa.

"Mungu wangu," alisema polepole. "Nilisahau. Mwanangu mwenyewe, nimesahau."

Nilimwonea huruma. Kaka yangu hana ubaya. Amezoea tu kwamba kitu kizuri ni kile kinachosikika.

"Basi tuchukue ile nyeusi," wifi alisema.

"Kwa nini?" nikauliza. "Kwa sababu haipigi kelele? Hiyo nayo ni sababu?"

Ukweli ni kwamba hakuna aliyejua. Ndipo tukamwita jirani yetu, mama mmoja fundi simu. Mtaani tunamwita Daktari, kwa sababu kutwa nzima anafungua simu matumbo. Alikuja na bisibisi yake nyuma ya sikio kama penseli ya seremala. Tukamweleza habari za zile simu mbili. Alisikiliza, kisha akauliza jambo moja.

"Mwenye simu anasemaje?"

Tulitazamana. Binti alikuwa pale pale, anapiga pasi sketi yake. Tulikuwa tumebishana juu ya simu yake mchana wote na hatukumuuliza hata neno. Aibu ilitushika sote.

Wifi alimgusa bega akamuuliza kwa mikono. Binti aliweka pasi kando. Alijibu kwa muda mrefu, na mama yake akatutafsiria.

"Anasema anataka aone vidole vyangu, si mgongo wa simu. Anataka simu isimame peke yake mezani. Akiishika kwa mkono mmoja, anabaki na nusu ya mdomo. Tena alipokwenda kujiandikisha aliona bwenini taa ni hafifu, na umeme unakatika."

"Amemaliza kazi yote huyo," Daktari alisema. "Sasa sikilizeni. Simu ya bei ya chini haiwezi kukupa kila kitu. Kwa hiyo anza na kazi ya simu. Jua unachohitaji, na jua unachoweza kukikosa bila kuumia. Halafu usiamini maneno ya kwenye boksi. Ijaribu kwa kazi ile ile utakayoifanyia."

Tukaenda dukani wote, kama tunakwenda kuposa.

Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu. Alitutolea simu zote mbili. "Hii ya bluu ndiyo habari ya mjini," alisema. "Kamera nne!"

"Zote nne zinatazama wapi?" Daktari aliuliza.

"Nyuma."

"Na ukipiga video, unatazama kamera ipi?"

Kijana alicheka. "Ya mbele, mama. Hapo umenipata."

Daktari aliomba nafasi ya kuzijaribu. Alichukua laini moja yenye bando, akaiweka kwanza kwenye simu ya bluu. "Laini iwe ile ile, na mahali pawe pale pale," alituambia. "Msije mkailaumu simu kumbe mtandao ndio mbaya." Binti akaingia na simu hiyo kwenye stoo ya duka, kwenye taa ndogo. Akaiegemeza kwenye boksi. Wifi akabaki huku mbele na simu ya Daktari, naye akapigiwa.

Nilichungulia. Uso wa binti ulionekana, lakini mikono ilikuwa ukungu mtupu. Akitembeza vidole haraka, vyote vinakuwa kidole kimoja.

"Anasema nini?" kaka aliuliza.

"Sijui," wifi alisema. "Simwelewi mwanangu."

Kaka aliikazia macho ile simu ya bluu. Dakika ile alikuwa anaiona hasara ambayo nusura ailete nyumbani kwa mikono yake mwenyewe.

Wakahamisha laini kwenye simu nyeusi. Binti akarudi stooni, taa ile ile, boksi lile lile. Picha haikuwa ya sinema. Rangi zilikuwa zimepauka kidogo. Lakini vidole ungevihesabu. Binti alisema jambo, wifi akacheka kwa nguvu.

"Anasemaje?" sote tuliuliza.

"Anasema stoo inanuka panya."

Kijana muuzaji naye alicheka, ingawa kwa aibu kidogo.

Daktari hakuishia hapo. Aliingia kwenye mipangilio ya simu nyeusi. Alitazama nafasi iliyobaki ya kuhifadhi vitu. "Boksi linaandika nafasi yote," alisema. "Lakini simu yenyewe imeshakula sehemu. Tazama inayobaki." Alitazama pia kama simu bado inapokea masasisho ya programu zake, kwa sababu simu isiyopokea inazeeka haraka na ulinzi wake unapungua. Akabonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli. Namba ndefu ya utambulisho wa simu ikatokea. Akaisoma moja moja akiilinganisha na ile ya kwenye boksi.

"Zikitofautiana?" niliuliza.

"Unairudisha simu mezani na kusema asante. Huenda ni ya wizi au boksi si lake."

Zilikuwa sawa. Betri ya nyeusi ilikuwa kubwa zaidi, ndiyo maana ya ule unene.

"Niwaambie na ubaya wake," Daktari alisema. "Ni nzito. Picha zake za nyuma ni za kawaida. Na spika yake ni dhaifu, kinyozi, hutacheza."

"Sichezi," kaka alijibu. "Funga hiyo nyeusi. Na risiti uandike vizuri, na karatasi ya dhamana igongwe muhuri."

Nyumbani Daktari aliipanga ile simu. Akafanya taa ya tochi iwake kila simu inapoingia, na mtetemo uwe mkali. Binti aliiweka chini ya mto kuijaribu. Alipopigiwa aliruka kitandani. Siku alipoondoka, wifi yangu alilia kidogo tu. Nilitegemea mafuriko.

Binti alipokuwa chuoni alikuwa anapiga video mara kwa mara kwenye simu ya wazazi wake. Wifi asipokuwepo, kaka alilazimika kupokea mwenyewe. Mwanzoni alikuwa anapunga mkono kama anaaga meli. Lakini kwenye video hakuna wa kumtafsiria, kwa hiyo akaanza kujifunza. Binti alikuwa anamsahihisha. Kaka anakosea, wanacheka, anarudia.

Siku moja nilikuwa kibandani kwake. Simu ikaita, akaiegemeza kwenye kopo la poda. Binti alikuwa analia. Mikono ilikwenda mbio.

"Polepole, mwanangu," kaka alimwambia kwa vidole vyake vizito. "Rudia."

Binti alirudia. Kaka alinigeukia. "Anasema mwalimu anafundisha amewapa wanafunzi mgongo. Haoni mdomo, haoni mikono, haoni kitambaa. Amekaa nyuma kabisa. Anataka kurudi nyumbani. Nimeelewa sawa?"

"Umeelewa sawa, kaka."

Kwa siku zile zote, jumbe zake za maandishi zilikuwa zinasema "sawa".

Kaka aligeukia simu. "Nakuja kesho," alimwambia.

Kesho yake alifunga kibanda, akasafiri na mkewe. Walimkuta mwalimu, mwanamke mwema ambaye hakuwahi kufundisha kiziwi maishani mwake. Alisikitika sana. "Mbona hamkuniambia mapema?" alisema. Alimhamishia binti mbele. Akaahidi kuwatazama wanafunzi anapoeleza, na kila hatua aionyeshe kwanza kwenye kitambaa. Tena akaomba afundishwe alama za sindano, uzi na mkasi.

Baada ya hapo, mchana mmoja, kaka alikuwa anamnyoa mteja. Nusu ya kichwa ilikuwa imekwisha, nusu bado ina nywele. Simu ikawaka. Binti alisimama mbele ya kamera akainua shati alilolishona mwenyewe, kola imekaa vizuri. Aliliweka chini ili mikono yote miwili iwe huru.

"Baba," alisema, "leo nimeelewa somo lote."

Kaka yangu alitaka kumjibu, lakini mashine ya kunyolea ilikuwa mkononi. Akaiweka mezani. Akakaa kwenye kiti cha pili na kuanza kulia waziwazi, huku anamjibu binti yake kwa mikono yote miwili.

Nilimtazama mteja, nikajiandaa kumwomba radhi. Yeye alijiangalia kwenye kioo, nusu kipara, akavuta shuka vizuri shingoni.

"Mwacheni aongee na mtoto," alisema. "Nywele zangu hazina haraka."