Bakuli la Kitanda cha Mwisho

Kwaru. Kwaru. Kwaru. Ni kijiko, kilikuwa kinakwangua chini ya bakuli huko jikoni, na usiku ulikuwa umeshakwenda sana, na Sylivia akajiambia panya hao, Bwera hii ina panya kama nini, akamvuta mwanawe Bright kifuani akalala tena. Asubuhi akaenda kuona hasara. Hakuna hasara. Sufuria ya bundu, ule ugali wa muhogo aliousonga jioni, ilikuwa na kifuniko chake na jiwe juu ya kifuniko, vile vile alivyoiacha. Akashukuru Mungu, akainama kuwasha moto, na moto ulikuwa umeshaanza kushika ndipo akakumbuka kwamba nyumba ile haikuwa na bakuli. Walikuwa wanakulia sahani za plastiki. Na plastiki hailii hivyo.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya dada yake mkubwa, Erina, muuguzi wa wodi ya wanawake katika hospitali moja ya hapo. Sylivia alikuja kukaa naye baada ya kujifungua, maana Nobert, baba wa mtoto, alikuwa bado anahangaika na bodaboda kule Kasese, na chumba chao cha Nyamwamba kilikuwa kinavuja, na Erina alimwambia kwa simu, "Njoo huku, mimi peke yangu namsongea nani?" Erina huyo alikuwa mlaji. Anakula huku anacheka, anakudokolea samaki wako halafu anakuuliza mbona huli. Lakini Erina aliyemkuta Bwera hakuwa yule. Huyu alikuwa akirudi kazini anavua viatu mlangoni, analala na kugeukia ukuta. Ukimwekea chakula, anasema kinanuka wodi. Ukimuuliza una nini, analia, halafu anakuomba msamaha kwa kulia. Mkanda wa sare yake alikuwa ameutoboa kwa sindano, tundu baada ya tundu, mpaka ncha yake ikazunguka kiuno na kufika tena mgongoni.

"Huyo wamemtupia kitu," alisema jirani yao, Mama Davis. "Mtu wa kula vile hakauki bure. Mpeleke Karambi, kuna mzee wa kuagua."

Gorret, muuguzi mwenzake Erina, alimcheka. "Mama Davis, ungekuwa na zamu zetu na wewe ungekwenda Karambi. Sisi wote pale tuko hivyo! Mimi nikila natapika kwenye choo cha wafanyakazi, nanawa mdomo, halafu narudi wodini kumwambia mgonjwa ale vizuri." Akaacha kucheka. "Sylivia, dada yako ana sonona. Ni ugonjwa wa huzuni, si uchawi. Anaweka mambo tumboni. Mfanye aongee. Akiongea, atapona."

Sylivia alilishika neno hilo kama mtu anayeshika kamba. Aliogopa. Kila siku aliogopa. Angeamka siku moja amkute Erina amekauka kitandani, na hapo angemwambia nini mama yao?

Usiku uliofuata hakulala.

Kwaru.

Akawasha tochi ya simu, akaiziba kwa kiganja, akatembea pekupeku. Erina alikuwa amechuchumaa kando ya mafiga. Mapajani alikuwa na bakuli jeupe la bati, lenye maua ya bluu. Alichota. Akapeleka mdomoni. Akatafuna, mashavu yamejaa, koo likipanda na kushuka. Akachota tena. Sylivia akasogea, akachungulia.

Bakuli lilikuwa tupu. Tupu na kavu.

Lakini jiko zima lilinukia samaki na sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, na kidevu cha Erina kiling'aa mafuta ya mawese.

"Dada."

"Usinikaribie."

"Unakula nini?"

"Usiniulize, Sylivia. Nakuomba. Wewe una mtoto."

Hapo ndipo angepaswa kurudi kulala. Lakini lile neno la Gorret lilikuwa masikioni, akiongea atapona, akiongea atapona, basi akakaa chini kwenye majivu, akaushika mkono wa dada yake, mkavu kama kuni. "Niambie mimi. Mimi si mtu baki. Toa hicho kitu."

Erina akaliweka bakuli chini. Halafu akamwinamia sikioni.

Alimweleza kwamba kulikuwa na mama mmoja mzee wa kutoka Beni, ng'ambo ya mpaka, kitanda cha mwisho, karibu na dirisha. Usiku mmoja mama huyo alimshika Erina kwa nguvu asizokuwa nazo, akamnong'oneza habari za bakuli lake. Erina alisikia huku anawaza dripu za wengine, maana wauguzi walikuwa wawili na wagonjwa wamelala mpaka sakafuni. Asubuhi mama akafa. Ndugu zake wakabeba maiti wakavuka mpaka. Bakuli likabaki, limefungwa kitenge, la moto. Erina alikuwa hajala tangu juzi. Akajificha nyuma ya pazia la wodi, akala amesimama, haraka haraka, akakwangua mpaka mwisho. Tangu hapo chakula kingine kikawa hakipiti. Ni hicho tu. Na hicho hakishibishi.

Kisha akayasema maneno yenyewe ya yule mama, neno kwa neno. Hayo hayawekwi hapa.

Alipomaliza, akapiga mwayo kama mtoto. "Kuna bundu?" akauliza. Akala bundu baridi bila mboga, akala tena, akalala kifudifudi mpaka jua likapanda. Sylivia alilia kwa furaha.

Siku ya soko akamfunga Bright mgongoni, akalibeba lile bakuli hadi soko la mpakani, Mpondwe. Kitu cha marehemu kirudi kwa wenyewe, alijiambia. Erina alikuwa amemtajia jina la binti wa yule mama, Laurentine, muuza vitenge, na hakuwa mgumu kupatikana.

"Pole na musiba, mama," Sylivia alisema. "Nimewaletea bakuli yenu."

Laurentine alinyoosha mikono, akalitazama, akairudisha mikono. "Iyi? Iyi si yetu. Sisi hatukupika hata siku moja pale opitali, tulikuwa tunakunywa chai tu. Tuliikuta kwa kitanda."

"Lakini mama yenu..."

"Mama yetu alikuwa anaiangalia, chakula ingine anakataa. Mutu alimuachia ile kitanda ndiye alimwambia maneno. Tukamuuliza, mama, maneno gani? Akakataa. Sisi batoto yake, akatukatalia kabisa." Akashusha sauti. "Ile usiku ya mwisho akamuita sista, akamwambia kwa sikio. Asubuhi akaomba uji. Akakunywa kikombe muzima, akacheka na sisi. Akakufa ameshiba."

Soko lilikuwa na kelele. Sylivia hakusikia hata moja.

"Na wewe, mudogo yangu," Laurentine akauliza polepole, "nani amekuambia?"

Sylivia akafungua mdomo. Laurentine akaziba masikio kwa mikono miwili. "Hapana! Usinipatie. Niko na batoto."

Alilitupa kutoka darajani, ndani ya mto Lhubiriha. Alilitazama likizama. Maji yakalifunika.

Nyumbani alimkuta Erina anapika. Erina anaimba. Gorret alikuwa amekuja, amekaa kwenye kigoda, amembeba Bright aliyemfungua sasa hivi mgongoni kwa mama yake, anamtekenya. "Umeona?" Gorret alisema. "Si niliwaambia? Ameongea!"

"Mnyonyeshaji, njoo ule," Erina akaita, akamwekea samaki, akamdokolea kipande, akacheka.

Sylivia akatia tonge mdomoni. Likanuka wodi. Akalitema kiganjani, taratibu, wasimwone.

Akainua macho. Kando ya mafiga palikuwa na bakuli jeupe, maua ya bluu, limefungwa kitenge. Kitenge kilikuwa kinadondosha maji. Mvuke ulikuwa unatoka.

Erina akalipita. Hakuliona.

"Nani amemwaga maji hapa?" Gorret aliuliza, akisugua sakafu kwa kandambili. Palikuwa na duara la maji, la mviringo kama kitako cha bakuli, na ndani yake mchanga mweupe wa mtoni. Kisha akamtazama Sylivia. Akasogea. Kifundo cha mkono wa Gorret kilikuwa chembamba kuliko cha Erina. "Mbona huli? Hata wewe? Niambie. Ukiongea utapona, Sylivia."

Ni kweli. Angepona. Sikio la Gorret lilikuwa karibu kabisa, na njaa ilikuwa imeshamfika kooni, na yale maneno yalikuwa juu ya ulimi yote, neno kwa neno.

Akamchukua mwanawe, akamkumbatia.

"Hakuna kitu," alisema.

Usiku, kijiko kikiwa mkononi mwake, aliinama akamnong'oneza Bright aliyelala: "Sitamwambia mtu mwingine. Naapa. Na wewe ukikua, hata ukinililia, sitakuambia."