Gusa Boneti Kwanza

Jumamosi asubuhi yadi ya magari hujaa watu kama harusi isiyo na kadi. Wenye hela hutembea wamefunga mikono nyuma. Wasio na hela hupiga matairi mateke na kutikisa vichwa, ili waonekane wanajua. Katikati yao alikuwepo Msusi, gauni la kijani limemkaa vizuri kiunoni, kilemba cha njano, viatu vyeupe vya kuazima kwa jirani. Kifuani, ndani ya sidiria, alikuwa amebana fungu la noti, na fungu lile lilikuwa roho ya mama yake.

Nasema roho na sijakosea. Mama yake figo zilikuwa zimechoka. Kila baada ya siku moja ilibidi apelekwe hospitali kusafishwa damu, na miguu ilivyovimba hawezi kusimama kwenye basi. Teksi zilikuwa zimekula saluni nzima: kiti cha pili, kioo kikubwa, mashine ya kukaushia nywele. Kilichobaki ni zamu yake ya mchezo wa akina mama wa kuchangiana pesa, nayo ndiyo hiyo kifuani. Akipata gari zima, mama ataishi. Akikosea, hakuna zamu nyingine.

Alikuwa amesimama mbele ya gari la bluu linalong'aa kama sahani mpya, maji yakamrukia viatuni.

"We kaka! Huoni watu?"

"Nimeona viatu, dada. Nikadhani navyo ni vya yadi, vinasubiri kuoshwa."

Msemaji alikuwa kijana mrefu, ovaroli imekunjwa mpaka magotini, kitambaa kibichi begani. Kazi yake ilikuwa kuosha magari na kuyaendesha ndani ya yadi. Walimwita Taratibu, maana hata mvua ikinyesha hakimbii.

"Ndivyo mnavyokaribisha wateja hapa?"

"Wateja wazuri tunawaosha kwanza."

Msusi akauma mdomo asicheke. Akarudi kwenye lililomleta. "Hili bei yake ndogo. Lina nini?"

Taratibu akatazama dirisha la ofisi, alikokaa Bosi. "Lina rangi nzuri."

"Rangi nimeiona, nina macho. Nauliza afya."

"Tazama lile pale." Akaonyesha gari la kahawia, limebabuka paa, kiti cha nyuma kimeshonwa kwa uzi wa viatu. Bei ilikuwa ileile.

"Lile? Lile si gari, lile ni babu yangu."

"Babu mzima ni bora kuliko kijana mgonjwa, dada." Kisha akashusha sauti. "Njoo Jumatatu alfajiri, kabla geti halijafunguliwa. Njoo peke yako."

Msusi akarudi nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. "Alfajiri? Peke yangu? Unanionaje wewe? Mama yangu hakunilea hivyo!"

Masikini, kijana hakuwa na nia mbaya. Wanunuzi hawalijui hili, ndiyo maana naliandika. Katika yadi ile, kila siku kabla ya geti kufunguliwa, Taratibu aliyawasha magari yote yenye injini mbovu. Injini inayokula oili hutoa moshi mzito ikiwashwa ikiwa baridi. Ikishapata moto inatulia, inanguruma kama paka aliyeshiba. Basi aliyaacha yateme moshi wao kuelekea ukuta wa nyuma, mpaka ukuta ule ukawa mweusi kama jiko. Halafu anayaosha. Mnunuzi anafika, anawasha, hakuna moshi, anatoa pesa. Kijana alitaka Msusi aje aone kwa macho yake kabla ya mchezo huo. Kusema kwa mdomo aliogopa. Aliyekuwa kazini kabla yake alisema, na hakuna yadi iliyomwajiri tena.

"Nisamehe, dada. Nimesema vibaya," alisema. "Nipe namba, nikuombe radhi kwa simu. Naona mpaka viatu vimekasirika."

"Andika haraka kabla sijabadili nia."

Simu zikaanza hivyo. Jioni Msusi anafagia nywele za wateja, simu inaita.

"Viatu vinaendeleaje?"

"Vimepona. Mwenyewe ndiye bado."

"Mwenyewe anaumwa wapi?"

"Hapo hapo unapopajua, mchokozi wewe."

Na mara nyingine: "Umekula, laazizi?" "Nitakulaje, mama leo hakumaliza hata uji." Hapo kijana anamsikiliza mpaka machozi yaishe. Mwanamke akishasikilizwa hivyo, dada zangu, ameshakwisha. Akampenda.

"Lile la bluu achana nalo, mpenzi," Taratibu akamwambia siku moja.

"Kwa nini?"

"Moyo wangu haulitaki."

"Moyo wako umesomea ufundi?"

Akacheka kicheko kikavu, hakujibu. Siku hizo alikuwa haogopi kufukuzwa kazi tena. Aliona aibu. Angesema gari linapashwa moto, angeulizwa ni nani anayelipasha.

Ukimya huo ukampa Bosi nafasi. Msusi alipita yadi kuulizia tena lile la bluu, akasema kwa utani kwamba Taratibu hataki alinunue. Bosi, mzee wa shati jeupe na meno ya kuchekea wateja, akaona mteja anamponyoka.

"Eti hataki? Haya, usiseme umesikia kwangu. Kuna mwanamke wake, anauza kwenye duka la dawa. Amemwahidi lile la bluu. Ndiyo maana anakusukumia mkweche."

Msusi akasogea pembeni. Akapiga simu, haikupokelewa. Taratibu alikuwa nyuma ya yadi, chini ya gari, mikono imejaa grisi. Lakini wivu hauulizi mtu yuko wapi. Unajijibu wenyewe. Akamwambia Bosi, "Niwekee. Kesho nakuja na mama na pesa."

Kesho yake alfajiri Taratibu aliambiwa awashe la bluu, mteja anakuja. Hakuambiwa mteja gani. Akaliwasha, likatema moshi wake ukutani, akaliosha. Geti likafunguliwa, akaingia Msusi kwa gauni jekundu la kukomoa, amemshika mama yake mkono.

Mama alikuwa hawezi kusimama bila kuegemea. Akaweka kiganja kimoja kwenye boneti la bluu, kingine kwenye boneti la kahawia lililokuwa ubavuni.

"Ala! Hili lilikuwa linakwenda wapi asubuhi yote hii?"

"Jua hilo, bibi," Bosi akacheka.

"Jua gani hilo linachoma gari moja linaruka la jirani?"

"Mama, usinitie aibu mbele za watu," Msusi akanong'ona.

Yule mama alikuwa hajui injini, lakini sufuria iliyotoka motoni anaijua. Akamtazama Taratibu. Msusi naye akamtazama, kwa jicho la "leo umekoma". Kijana alisimama na kitambaa mkononi, anakikamua. Maji yakaisha, akaendelea kukamua. Bosi alikuwa pembeni yake.

"Sema basi," Msusi akamwambia. "Si huwa una maneno kwenye simu?"

"Hongera, dada," akasema Taratibu.

Dada! Baada ya laazizi zote zile. Msusi akaliwasha gari, likanguruma safi, akahesabu pesa, akaondoka nalo bila kuaga.

Gari lilianza kusema ukweli asubuhi ya pili. Moshi ukafunika nguo za majirani kwenye kamba, wakapiga kelele. Msusi akanunua oili, akamimina. Kesho yake oili ikawa imekwisha, akamimina tena. Akajiambia ni ugeni tu, litazoea. Siku ya tatu ya safari za hospitali, katikati ya barabara kuu, kikasikika kishindo chini ya boneti kama mtu amegonga sufuria kwa nyundo. Likazima. Mama, ambaye alikuwa tayari amechelewa kusafishwa, akaanza kuhema kwa shida kwenye kiti cha nyuma.

"Mama! Mama, usilale, niongeleshe!"

"Nikuongeleshe nini... gari umenunua la kukalia."

Magari yalipita, yanapiga honi, yanatukana. Teksi moja ikasimama, ikataja bei, ikaondoka. Msusi akatazama simu. Namba aliyoijua kichwani ilikuwa moja.

"Halo?" alilia. "Mama anakufa. Tuko barabarani. Njoo. Hata kama una mwanamke wako, njoo."

"Mwanamke gani? Nakuja."

Siku ile watu wa yadi walimwona Taratibu akikimbia. Alichukua ufunguo wa gari la kahawia ukutani mbele ya Bosi, hakuomba ruhusa. Alimbeba mama kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, wakafika hospitali mama midomo imebadilika rangi.

Walikaa kwenye benchi la korido, mlango wa chumba cha mashine umefungwa. Msusi akamshika mkono. "Kumbe unanipenda. Bosi aliniambia una mtu."

Taratibu angenyamaza, angepata mke pale pale. Lakini alishaonja ukimya ulivyo mchungu.

"Sina mtu. Ila gari lile nililipasha moto mimi. Yote mabovu nayapasha mimi, kila siku, usione moshi. Nilijua, nikakutazama unalipa."

Msusi akautoa mkono wake polepole. "Uliniona natoa roho ya mama yangu kifuani, ukanyamaza?"

"Niliogopa..."

"Toka. Toka mbele yangu kabla sijapiga kelele."

Mama alitoka hai, lakini kwa shida, akalazwa. Bosi hakurudisha kitu. "Uliliwasha mwenyewe, uliliridhia mwenyewe," alisema, akamfukuza Taratibu kazi siku hiyo hiyo. La bluu likauzwa kwa wanunua vyuma. Mama aliporudi nyumbani, safari za hospitali zikawa za mkokoteni wa jirani mpaka kituo, kisha kumsihi kondakta, kisha kumsihi abiria aliyekaa. Msusi alisuka nywele za watu huku machozi yanawadondokea shingoni, anasema ni jasho. Simu ikiita anaitazama mpaka inachoka.

Halafu asubuhi moja, alipofungua mlango kumwaga maji, akaliona gari la kahawia limesimama nje. Taratibu alikuwa ameegemea, koti jembamba, meno yanagongana.

"Usiseme chochote," alisema. "Gusa boneti kwanza."

Msusi alitaka kumwagia maji. Lakini beseni akaliweka chini. Akagusa. Boneti lilikuwa baridi, lina umande.

"Nimelileta jana jioni, nikalala humo humo. Sikuliwasha. Ufunguo huu. Washa mwenyewe, mimi nasimama mbali."

Akawasha. Likakohoa mara moja, likashika. Msusi akatazama nyuma, akangoja moshi, akangoja sana. Haukuja.

"Umelipata wapi?"

"Nimelinunua. Pesa niliyokuwa nikiweka ya mahari, yote. Kazi sina, na mahari sina tena. Nimekuja na matairi manne tu, laazizi. Ukilichukua ukanifukuza, ni haki yako. Lakini mama asipande tena mkokoteni."

Msusi akainamisha kichwa. Alikuwa ameshika usukani, analia bila sauti.

Mlangoni akatokea mama, kanga mabegani, anashikilia ukuta. Akasogea hatua kwa hatua mpaka kwa kijana, wala gari hakuligusa. Akainua kile kiganja chake kilichovimba, akakiweka kwenye shavu la Taratibu, akakiacha hapo muda mrefu.

"Baridi," akamwambia binti yake. "Huyu wa leo hajapashwa moto na mtu. Haya, fungueni mlango wa nyuma, tunachelewa hospitali."