Dakika Kumi za Kioo Kibichi

Dakika kumi. Zikipita hizo, dawa ingekauka juu ya kioo na picha ingekufa.

Eben Tuttle aliteremka korongo mbio, kamera kifuani, kioo kibichi cha picha ndani yake. Kambini walimjua kama mpishi wa msafara wa wapima miamba. Washington walimjua kwa namba tu, na telegramu yao ya mwisho ilikuwa na maneno mawili: "Tazama vichuguu."

Alikuwa ameshatazama. Huko juu, Lucius Garrard, mpiga picha mpya wa msafara, alikuwa amepiga magoti akipachika yakuti zilizonunuliwa Amsterdam kwenye kichuguu. Alitulia sekunde kumi nzima. Kamera haikutaka zaidi ya hapo.

Jioni hiyo mkuu wa msafara, Dakta Crowell, angetia saini ripoti kwamba bonde lina yakuti. Watu wangeuza mashamba wanunue hisa za mgodi usiokuwepo. Dada yake Eben alikuwa ameshampata mnunuzi wa shamba lake, na hilo lilimuuma Eben kuliko kitu chochote.

Hema la giza la kusafishia picha lilikuwa moja tu. La Garrard.

Dakika nne zimebaki.

Alijitupa ndani, akafunga pazia, akamimina dawa ya kuitoa picha. Akasuuza kioo, akakizamisha kwenye beseni la dawa ya kukaza.

Nyayo nje.

Pazia lilipasuliwa kwa kisu. Jua likaingia lote, na pamoja nalo mdomo wa bastola ya Colt.

"Kumbe mpishi naye ana mambo," alisema Garrard. "Pole, mzee. Picha mbichi na jua haviivi chungu kimoja."

Akacheka, akaishusha bastola.

Hapo alijifichua. Kioo kikishaingia kwenye dawa ya kukaza, jua halikifanyi kitu. Mpiga picha wa kweli angekivunja.

Eben alimrushia dawa iliyobaki machoni, akampiga teke la mkono. Colt ikaanguka. Akaiokota bila haraka.

"Umeharibu hema lako bure, bwana. Picha ni nzima."

Jioni, kabla ya kutia saini, Crowell alikilaza kioo juu ya kofia yake nyeusi, na sura ikajitokeza: Garrard, kichuguu, yakuti mkononi. Aliichana ripoti, kisha akamuuliza mpishi wake ni nani hasa.

"Maharage yako motoni, Dakta. Yageuze yasiungue."

Eben alipanda nyumbu akaelekea kituo cha telegrafu. Alikuwa na neno moja la kumpelekea dada yake.

Usiuze.